Sungura Aliyekufa Pasipo Kuugua

Mhadhara uliotolewa Chole, Mafia, mbele ya wazee, walimu, wazazi na wanafunzi



Kisiwa hiki cha Chole, ambacho kabla ya Wajerumani kulihamishia boma lao Kilindoni mwaka 1913 kilikuwa ndicho makao ya utawala wa Mafia nzima, kina mazoea ya kale ya kumsikiliza mgeni hata akija na jambo dogo. Na jambo langu la leo huenda likaonekana dogo kweli kweli, maana halihusu uvuvi wala uundaji wa mashua, bali lahusu sungura wa kufugwa, mnyama wa ratili chache ambaye aghalabu mlezi wake ni mtoto. Lakini mtoto aliyeamka alfajiri na fungu la majani mkononi, akamkuta sungura wake amekauka pembeni mwa banda ilhali jana magharibi alikuwa akila na kurukaruka, anayo haki ya kuuliza ni nini kilichotokea, na sisi watu wazima tuna wajibu wa kumpa jawabu lililo bora kuliko kuambiwa kwamba sungura ndivyo walivyo.

Madhumuni yangu, basi, ni kueleza sababu ziwezazo kumwua sungura kwa ghafla, hususan katika mazingira ya kisiwa kama hiki, na kuonyesha kwamba kifo hicho, pamoja na ghafla yake yote, mara nyingi kina chanzo kinachoweza kujulikana, ikiwa tutaiacha desturi ya kuutupa mzoga kabla ya kuuchunguza.

Hoja ya kwanza: sungura huficha maradhi yake

Sungura tumfugaye mabandani asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, ambako mababu zake walichimba mashimo ardhini, wakashinda humo mchana penye giza na ubaridi, wakatoka jioni na alfajiri kula majani. Maisha yake yote huko yalikuwa ni kuwindwa, na tai kutoka juu na mbweha kutoka chini; na katika kundi la wanaowindwa, anayeonyesha udhaifu ndiye anayetangulia kuliwa. Kwa sababu hiyo amejaaliwa tabia ya kujikaza, hata homa ikimpanda na tumbo likimkata huendelea kukaa wima na kumtazama mlezi wake kwa macho yale yale, mpaka nguvu zimwishie kabisa, na hapo huanguka kwa saa chache tu. Kile tunachokiita kifo cha ghafla, mara nyingi ni mwisho wa ugonjwa wa siku mbili au tatu uliopita mbele ya macho yetu pasipo kutambuliwa.

Hata hivyo kuficha kwake si kwa ukamilifu. Chakula hubaki ambacho jana kingelikwisha. Kinyesi hupungua, na punje zake huwa ndogo na kavu. Mnyama hukaa kona moja amejikunja, akisaga meno kwa sauti ndogo ya maumivu. Nyinyi vijana, neno hili ni lenu zaidi kuliko la baba zenu, kwa kuwa anayemlisha sungura kila siku ndiye aliye mbele ya watu wote kuyaona mabadiliko hayo. Sungura asiyekula kwa muda wa saa kumi na mbili asiambiwe amechoka au amenuna, maana huyo yumo hatarini.

Hoja ya pili: joto

Katika mwambao wetu, naona sababu ya joto ndiyo inayostahili kushukiwa mwanzo kuliko zote, hasa katika miezi ya kaskazi, tangu Desemba hata Machi, jua linapokuwa kali na hewa ikalemewa na unyevu wa bahari. Joto la mwili wa sungura mzima ni baina ya nyuzi 38.5 na 40, naye hatoki jasho la kumfaa, wala kuhema kwake hakumpozi kama kunavyompoza mbwa. Tegemeo lake kubwa ni masikio, ambayo yamejaa mishipa ya damu na huitoa hari ya mwili hewani. Lakini masikio hayawezi kutoa hari pale ambapo hewa yenyewe imepata joto kama la mwili. Hewa ya bandani ikipita nyuzi 30 sungura huanza kuteseka, na akiwa mnene, au ana mimba, au amejaa manyoya mengi, huweza kufa mchana mmoja.

Mabanda mengi yameezekwa kipande cha bati kilichobaki katika ujenzi wa nyumba, nayo yamesimamishwa ukutani upande wa magharibi ambako jua la alasiri hupiga bila kizuizi. Sungura aliyekufa humo hukutwa amejinyoosha ubavu, pua na midomo imelowa, na ukiuliza saa ya kifo utaambiwa kwamba adhuhuri alikuwa hai. Dawa yake haihitaji fedha: makuti juu ya bati, banda chini ya mwembe au mfenesi, upande wazi kuelekea upepo, na maji katika chungu cha udongo yabadilishwayo mchana na jioni. Akikutwa anahema kwa haraka na masikio yamekuwa ya moto, apelekwe kivulini, masikio yapanguswe kwa kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, wala asitumbukizwe katika maji ya barafu, kwani mshituko huo nao huua.

Safari ni hatari ya namna hiyo hiyo. Sungura anunuliwaye bara hupakiwa boti Nyamisati, huteremka Kilindoni, huchukuliwa kwa gari mpaka Utende, kisha huvushwa kwa mashua kuja huku, na katika mwendo wote huo pengine yumo ndani ya tenga lililofunikwa turubai ili asirushiwe maji ya chumvi. Akifika anaonekana mzima, akafa siku ya pili au ya tatu, na mwenye kumuuza akalaumiwa kwamba alitoa mgonjwa, ilhali mauti yalianza njiani.

Hoja ya tatu: tumbo, na tunachokitia tumboni

Hapa naomba mnivumilie nikae kitako, kwa kuwa mlango huu ni mpana.

Sungura hawezi kutapika. Kila kilichoingia sharti kipite mpaka mwisho, na tumbo lake limeumbwa lisisimame kufanya kazi usiku na mchana. Chakula kikishapita utumbo mwembamba huingia katika mfuko mkubwa wenye viumbe wadogo wasiohesabika, ambao huyachachusha majani na kuyageuza kuwa lishe. Kisha sungura hutoa kinyesi laini, akakila mwenyewe moja kwa moja ili asipoteze lishe hiyo. Mzazi akimwona mtoto anamzuia sungura kufanya hivyo kwa kuona ni uchafu, amfahamishe kwamba ndiyo maumbile yake na ndiyo afya yake.

Viumbe wale wa tumboni huishi kwa mizani, na mizani hiyo inahifadhiwa na nyasi na majani yenye nyuzi. Tukimpa sungura wali uliobaki, mkate, ukoko, au pumba za mahindi kwa wingi kwa siku moja, wanga huo huchachuka, bakteria wabaya wa kabila liitwalo Klostridia huzaana kwa kasi, na sumu waitoayo huingia damuni. Walio katika hatari kubwa ni wana wanaoachishwa ziwa, wa kati ya wiki ya 4 na ya 8 hivi, ambao matumbo yao hayajapata ukomavu. Huhara maji usiku, na asubuhi hawapo. Kinyume chake ni tumbo lililosimama kwa kukosa nyuzi, au maji, au kwa maumivu ya meno, maana meno ya sungura hukua maisha yake yote na yasiposagika kwa nyasi humtoboa shavu na ulimi. Huyo hufa amevimba kwa gesi.

Fauka ya hayo kuna maangamizi yatokayo mikononi mwetu kwa nia njema kabisa. Mtu akiona sungura wake ana mafua, hufungua kidonge cha ampisilini au amoksilini alichobakiza nyumbani akakimimina katika maji ya kunywa. Dawa hiyo inayomponya binadamu, ikimezwa na sungura huua viumbe wema wa tumboni na kuwaachia uwanja wale wenye sumu, na siku chache baadaye mnyama hufa, naye mlezi akadhani kwamba maradhi yalikuwa na nguvu kuliko dawa. Kadhalika chakula cha kuku cha dukani: vyakula vingine vya kuku hutiwa dawa za kuzuia kuhara damu, ziitwazo salinomaisini na narasini, ambazo kuku huzistahimili lakini sungura humdhuru misuli na moyo. Kadhalika dawa yenye fipronili, wanayopakwa mbwa na paka kuondoa viroboto, ambayo kwa sungura ni hatari ya mauti. Kinachotakiwa ni mnunuzi aseme kwamba anamtafutia sungura, na aulize kabla ya kulipa.

Katika majani ya mazingira yetu, majani ya mparachichi yana sumu inayodhuru moyo. Mbegu za mbarika ni sumu kali. Majani mabichi ya muhogo, hasa ya muhogo mchungu, hutoa sumu ile ile ambayo mama zetu huiondoa kwa kutwanga na kuchemsha kisamvu. Na katika unyevu wa kisiwa hiki pumba na karanga zikiwekwa sakafuni huota ukungu, ukungu ukazaa sumukuvu, nayo hulila ini polepole kwa majuma mengi, kisha siku moja mnyama huanguka kana kwamba amepigwa.

Hoja ya nne: hofu

Moyo wa sungura hupiga mara 180 mpaka 300 kwa dakika moja, nao huweza kusimama kwa hofu tupu. Mbwa aliyezunguka banda usiku, paka aliyeruka juu ya waya, kenge au nyoka aliyepenyeza kichwa, wote waweza kuua bila kumgusa. Au sungura akaruka kwa nguvu za miguu ya nyuma akajivunja uti wa mgongo. Popo wakubwa wa Chole, ambao nasikia wametajwa katika mashitaka ya vifo hivi, naomba waachiliwe huru: chakula chao ni matunda na maji ya maua.

Hoja ya tano: maradhi ya kuambukiza

Yapo maradhi yanayoua mmoja mmoja na yapo yanayofagia banda zima. Katika yale ya kwanza nitataja vijidudu vya Eimeria, ambavyo huingia kwa chakula kilichoangukia kinyesi, na kabila lake moja hukaa katika ini na kulijaza madoa meupe; hivi huwaua wana zaidi kuliko wakubwa, na kinga yake ni sakafu ya banda iliyo wazi chini ili kinyesi kiangukie nje. Nitataja pia bakteria wa Pasteurella, ambao huanza kama mafua yenye kamasi nyeupe katika miguu ya mbele anayojipangusia pua, kisha siku moja huingia mapafuni au damuni. Majike wenye umri wa miaka mitatu na kuzidi, ambao hawakuzaa au waliacha kuzaa, hupatwa sana na uvimbe wa kizazi, na wenye mimba walionenepa mno huweza kufa siku za mwisho kabla ya siku ya 31 ya kuzaa. Lakini hayo mawili ya mwisho hayaambukizi.

Maradhi ya kufagia ndiyo niliyotaka kuyafikia, nayo ni homa ya sungura ya kutoka damu, ambayo chanzo chake ni virusi. Iligunduliwa nchini China mwaka 1984, katika sungura wa manyoya marefu walioletwa kutoka Ujerumani, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeua sungura wapatao milioni 140. Ikaenea Ulaya, mwaka 2010 aina mpya ya virusi hivyo ikatokea Ufaransa, ambayo tofauti na ile ya kwanza haiwaachi hata wana wachanga, aina hiyo ikaingia Afrika, ikathibitishwa Nijeria mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaua sungura wa mwituni huko Afrika ya Kusini. Haimwambukizi binadamu. Mnyama aliyeambukizwa hukaa siku moja mpaka tatu bila dalili, kisha hupatwa na homa, na huweza kufa kati ya saa 12 na 36 tangu homa ianze, wengine wakitokwa na damu puani na wengine wasionyeshe alama yoyote.

Najua wako watakaosema kwamba sisi ni watu wa kisiwa ndani ya visiwa, na bahari imetuzunguka kama ukuta. Basi nisikilizeni habari ya kisiwa kingine. Katika Australia, nchi ambako sungura waliachiwa porini mwaka 1859 wakazaana hata wakawa balaa la wakulima, wataalamu walivichukua virusi hivi wakavijaribu katika kisiwa kidogo kiitwacho Wardang, kwa kuwa waliamini maji yatavizuia. Mwaka 1995, ambao ndio mwaka ilipoanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, virusi vilitoka katika kisiwa kile vikavuka mpaka bara, na walioshukiwa kuvichukua ni nzi. Baina ya Chole na Utende ni mwendo wa dakika chache kwa mashua, na maji yakitoka watu huweza kuvuka kwenda kisiwa cha Juani kwa miguu. Virusi hivi hukaa hai kwa muda mrefu katika mzoga, katika tenga, katika nyasi na katika viatu. Bahari inatusaidia kwa jambo moja tu, nalo ni kubwa: kwamba kila sungura mgeni sharti apite gatini, na mahali pa kupita ni mahali pa kusimamishwa.

Hoja ya sita: tuhuma

Sitakaa sana hapa, lakini siwezi kupita kimya. Sungura watatu wakifa katika ua mmoja kwa juma moja, na katika ua wa pili asife hata mmoja, huanza maneno. Hutajwa husuda, hutajwa sumu iliyotiwa majanini usiku, na majirani waliokuwa wakipeana chumvi huacha kusalimiana. Nasema kwa yakini kwamba hakuna haja ya kumtafuta adui pale ambapo tenga moja chafu, au gunia moja la pumba lililoota ukungu, linatosha kueleza tofauti ya ua na ua.

Ni kweli kwamba uchunguzi nao una mipaka yake. Mwezi wa Aprili mwaka 2006, pomboo wapatao 400 walikutwa wamekufa katika pwani ya Nungwi, Unguja; wataalamu wakaja, wakapasua, wakapima, na dhana ya sumu haikuthibitika, wala sababu ya yakini haikupatikana. Lakini tazameni tofauti ya mambo: baada ya uchunguzi ule, watu waliweza kuziondoa sababu kadhaa katika hesabu, na kuondoa sababu isiyokuwa ni nusu ya kuijua iliyokuwa.

Hoja ya saba: mzoga ni shahidi

Sheria yetu imetuharamishia kula kibudu, na hilo limetukinga na mengi. Lakini kutoka katika katazo hilo tumejifunza haraka ya kukitupa, pwani au kwenye mikoko, ambako mbwa na kunguru huburura vipande mpaka mabandani mwa watu wengine, na nzi wakamaliza kazi. Kwa hiyo twapoteza ushahidi na kueneza maradhi kwa tendo moja.

Nashauri hivi. Mzoga uangaliwe mapema, maana katika joto letu huharibika kwa saa chache. Mwenye kuushika avae mifuko ya nailoni mikononi. Atazame pua kama ina damu au kamasi, sehemu za nyuma kama zina kuhara, tumbo kama limevimba, shingo na mgongo kama umevunjika. Atazame banda, chakula kilichobaki, maji, na aandike saa. Aliyefundishwa kupasua apasue, na atazame ini: likiwa na madoa meupe ni jambo moja, likiwa limepauka na kuchorwa kama wavu ni jambo jingine. Wakifa wawili au zaidi kwa pamoja, apewe habari afisa mifugo, na ini litiwe katika mfuko safi, lizungushiwe barafu, ambayo wavuvi wetu hawaikosi, lisafirishwe kwa mkono wake kwenda Wakala wa Maabara ya Veterinari uliopo Temeke, Dar es Salaam. Kilichosalia kichomwe au kizikwe kirefu, na banda lioshwe kwa maji ya klorini kabla ya kuingizwa mnyama mwingine.

Mambo yaliyo mbele yetu

Mabibi na mabwana, kaskazi haijaanza kuvuma, na kabla haijaanza yapo mambo matatu yaliyo katika uwezo wa watu wa Chole bila kungoja msaada wa mtu. Nawaomba wazee wateue kiwanja kimoja chenye kivuli karibu na gati, ambapo kila sungura atokaye ng'ambo atakaa siku 14 peke yake, akilishwa na mtu mmoja, kabla ya kuchanganywa na wenyeji. Nawaomba walimu waweke daftari shuleni, ambamo mtoto ataandika siku, saa, umri wa sungura, alichokula na alivyokutwa. Daftari hilo likijazwa kwa misimu miwili, ya kaskazi na ya kusi, litatuambia kuhusu kisiwa hiki mambo ambayo hayamo katika kitabu chochote. Na nawaomba vijana wawili au watatu wenye mikono isiyotetemeka wajitolee kujifunza kwa afisa mifugo jinsi ya kupasua na kuhifadhi vipande vya kupelekwa maabara.

Wenye mabanda, naomba mbaki kidogo baada ya sala ya Isha, ili tuyaandike majina ya vijana hao usiku huu, na tuafikiane juu ya kiwanja cha gatini.